Sketi ya zamani iwe gauni: uipandishe, uiunge au uikate upya?

Sketi ikikaa kabatini miaka miwili bila kuvaliwa, ina kosa. Inabana kiuno, au imekuwa fupi, au haina blauzi ya kuandamana nayo, au kitambaa chake kinavutia lakini mtindo umeshapita. Kosa hilo lijue kabla hujashika mkasi, maana njia tatu ninazolinganisha hapa haziponyi ugonjwa mmoja. Nimezipitia zote. Magauni mawili yaliyoniharibikia kabisa yaliharibika kwa sababu nililikodolea macho gauni nililolitamani, nikasahau kuitazama sketi niliyokuwa nayo mkononi.

Njia ya kwanza ni kuipandisha: kiuno cha sketi kinahamia juu ya matiti, usawa wa kwapa, na ukipenda unaongeza kamba za mabegani. Ya pili ni kuiunga: sketi inabaki sketi, ila kiunoni inashonewa fulana au blauzi iliyokosa kazi. Ya tatu ni kuikata upya: unafumua mishono, unatandaza kitambaa mezani, unakata badani, yaani vipande vya kufunika kiwiliwili, ya mbele na ya nyuma kana kwamba umetoka kukinunua leo. Tofauti ni kwamba hiki kina matundu ya zipu, mstari wa pindo na kumbukumbu za kufuliwa.

Anza na futi kamba

Kwa mifano yote nitamchukua mtu mmoja wa kubuni. Kifua chake ni sentimita 92 mahali palipojaa, na 84 juu ya matiti. Kiuno 74, nyonga 100. Kutoka kwapani hadi kiunoni ana sentimita 22. Weka namba zako mahali pa zake.

Hizo 22 ndizo zinazosahauliwa. Sketi ukiipandisha, inapanda yote, pindo na kila kitu. Sketi ya sentimita 95 iliyokuwa ikikaribia kifundo cha mguu, juu ya kifua inakuwa gauni linalovuka magoti kwa kiganja kimoja na ushei. Hapo ni sawa. Lakini sketi ya sentimita 60, ile ya kufika magotini, inabakiwa na 38 tu chini ya kiuno, nayo inaishia mapajani. Hilo si gauni, ni blauzi ndefu ya kuvalia suruali. Kwa hiyo kama sketi yako ni ya magotini, njia ya kwanza imeshajitoa yenyewe na unaweza kuruka aya kadhaa.

Kwa njia ya pili, urefu hauna neno: sketi inakaa pale pale ilipokuwa ikikaa siku zote. Kwa njia ya tatu urefu ndio mtaji, nitalirudia hilo.

Kuipandisha: nyepesi, ila inachagua kitambaa

Hii ndiyo njia pekee unayoweza kuimaliza jioni moja kwa sindano ya mkono. Sketi ndefu, pana, yenye lastiki kiunoni, ya kitambaa chepesi: nusu ya kazi imeshafanywa na aliyeishona. Lastiki ya zamani usiiamini. Imezoea kiuno, tena huenda imechoka. Itoe, upitishe mpya yenye upana wa sentimita 2 au 2.5, iliyo fupi kuliko kipimo cha juu ya matiti kwa sentimita 6 hadi 8. Kwa mtu wetu wa 84, hiyo ni lastiki ya 76 hadi 78. Lastiki nyembamba ya nusu sentimita inashika pia, lakini inakata ngozi na inajiviringisha.

Kuna mambo mawili ambayo picha za magauni haya hazionyeshi. La kwanza, matiti yanakula urefu. Kitambaa kinapita juu yake kabla ya kushuka, kwa hiyo pindo la mbele linapanda sentimita 2 au 3 kuliko la nyuma. Usilinganishe pindo juu ya meza. Vaa, simama wima, mtu akupimie kutoka sakafuni kwenda juu kuzunguka pande zote, kisha ndipo ukate. La pili, gauni la namna hii halina umbo lolote chini ya kifua. Linaning'inia kama hema. Wapo wanaolipenda hivyo, hasa siku za joto. Ukitaka kiuno kionekane, funga mkanda, au tumia uzi wa lastiki.

Uzi wa lastiki unastahili maelezo kidogo kwa sababu ndio unaoipandisha njia hii daraja. Unauzungusha kwenye bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini wa cherehani, kwa mkono, bila kuuvuta sana; juu ya cherehani unabaki uzi wa kawaida. Urefu wa mshono uweke milimita 3.5 hadi 4. Shona mstari wa kwanza sambamba na ukingo wa juu, kisha mwingine chini yake kwa nafasi ya sentimita moja, na kuendelea hadi chini ya matiti au hadi kiunoni. Mistari miwili ya mwanzo itakukatisha tamaa, kitambaa kitajikunja kidogo tu. Kuanzia wa nne au wa tano kinaanza kujivuta. Ukimaliza, shika pasi yenye mvuke juu ya mistari bila kugusa kitambaa: lastiki inasinyaa zaidi na kila kitu kinakaa mahali pake. Ili ifanye kazi, upana wa sketi pale juu uwe mara moja na nusu hadi mara mbili ya kifua, yaani kwa mtu wetu kati ya sentimita 138 na 184. Pamba nyepesi na viskosi zinakubali. Jinzi na sufu nzito hazijikunji, usijisumbue.

Sketi nyembamba ya kubana, ile yenye zipu nyuma, hapa haina nafasi. Kiuno chake ni 74 na wewe unataka kukifunga mahali pa 84. Hakuna ujanja wa kushona unaoongeza sentimita ambazo hazipo.

Kuiunga: swali ni utaingiaje ndani

Fulana na sketi vinaonekana kama ndoa rahisi. Unakata fulana kiunoni, unashonea sketi, umemaliza. Mara ya kwanza nilifanya hivyo hivyo, na sketi yenye zipu ya sentimita 18 ubavuni. Nilifungua zipu, nikatia kichwa, nikatia mikono, halafu nikakwama, mikono juu, gauni limenifunga mabega, zipu ikiwa wazi lakini mshono wa kiuno juu yake umezunguka mzima kama pete. Nilitolewa humo na mkasi.

Kosa lenyewe ni rahisi likishaelezwa. Zipu ya sketi inafungua kiuno cha sketi. Ukishaziba mwisho wake wa juu kwa kushonea fulana, kiuno kinarudi kuwa sentimita 74 zisizofunguka, na lazima kipite kwenye mabega au nyonga zenye 100. Kwa hiyo kabla ya kuchagua rangi ya fulana, jibu hili: gauni litafunguka wapi?

Majibu ni matatu. Ukiwa na sketi yenye lastiki kiunoni, iunge vivyo hivyo. Kila kitu kinavutika. Ukiwa na sketi pana yenye ukanda usiovutika, toa ukanda na zipu, ziba pengo la zipu, kisha ukusanye marinda kutoka mahali ambapo sketi ina upana wa nyonga au zaidi, uyashonee fulana huku ukiivuta fulana ilingane nayo. Utapoteza sentimita kumi na kitu za juu, na kwa sketi ya marinda hizo hazitaonekana. Jibu la tatu ni la sketi iliyochongwa vizuri kiunoni na nyongani, ambayo ungeionea huruma kuikata: toa zipu fupi, pasua ubavu wa juu upande ule ule, weka zipu moja ndefu ya sentimita 35 hadi 40 inayotoka chini ya kwapa, inapita kiunoni, inaishia nyongani. Kwa jibu hili la tatu naacha fulana na kuchukua blauzi ya kitambaa kisichovutika, kwa sababu zipu kwenye fulana inajikunja mawimbi. Kama huna budi, gandisha kwanza kwa pasi utepe wa kitambaa chenye gundi upande wa ndani pale zipu itakapokaa.

Jambo la pili baada ya kuingia ni uzito. Sketi ilipokuwa sketi, ilibebwa na kiuno. Sasa inaning'inia kwenye fulana, na fulana inaning'inia mabegani. Sketi nzito ya jinzi itaivuta fulana, na kufikia mchana kiuno cha gauni kitakuwa nyongani. Dawa ni kuurudishia mwili mzigo wake: ndani ya mshono wa kiuno shonea lastiki ya sentimita moja, fupi kidogo kuliko kiuno chako, ili gauni lishike pale. Mabegani shonea utepe mwembamba usiovutika. Na fulana ikate fupi kuliko unavyodhani, sentimita 2 juu ya kiuno, maana itashuka. Blauzi isiyovutika ni kinyume chake. Hiyo iache na sentimita 1 au 2 za ziada, la sivyo ukiinua mikono kiuno kizima kinapanda mbavuni.

Kukipata kiuno, funga kamba, jipinde pembeni mara mbili, kamba itatulia yenyewe panapostahili. Chora kwa chaki, ongeza sentimita 1.5 za mshono.

Kwa fulana tumia sindano yenye ncha ya mviringo, ile inayosukuma nyuzi badala ya kuzitoboa, na mshono wa zigizaga mwembamba: upana milimita 1, urefu 2.5 hivi. Mshono wa kawaida ulionyooka unakatika siku ya kwanza ukilivuta gauni mabegani, utausikia ukilia tiki tiki tiki.

Fua vyote viwili kabla ya kuviunga. Fulana ya pamba ambayo bado ni mpya inaweza kusinyaa na sketi ya poliesta isisinyae, kisha kiuno kinajaa mikunjo ambayo pasi haiiondoi. Na kama sketi ni nyekundu au bluu iliyoiva na fulana ni nyeupe, lowesha kona ya ndani ya sketi, ikandamize kwa kitambaa cheupe. Kikichukua rangi, tafuta fulana nyingine.

Kuikata upya: hesabu ya kitambaa

Hapa ndipo watu wanapojidanganya zaidi, nami nikiwemo. Sketi inaonekana ina kitambaa kingi kwa sababu imekunjwa. Ifumue uone.

Sketi ya marinda iliyokusanywa kiunoni ni hazina: ukiifumua unapata mistatili miwili, kila mmoja labda sentimita 110 au 120 kwa 80, uzi umenyooka, hakuna kilichopotea. Sketi ya vipande sita ina kitambaa kingi vilevile lakini kimekatwa vipande vyembamba juu na vipana chini. Sentimita 15 upande mmoja, 40 upande wa pili. Badani ya mbele ya mtu wetu inahitaji karibu sentimita 50 kwa upana, kwa hiyo haitoki nzima, lazima iwe na mshono katikati. Si balaa, mshono wa katikati unaweza hata kuumbia kifua vizuri, ila uwe umeuamua mwenyewe, usije ukakushtukiza.

Sketi ya duara kamili ina mtego wake. Uzi wa kitambaa unabadili mwelekeo kadiri unavyozunguka: mahali pamoja unashuka wima, mahali pengine unakwenda mshazari, na kitambaa kilichokatwa mshazari kinavutika. Badani moja ikikatwa wima na nyingine mshazari, gauni linajipinda upande mmoja baada ya kufuliwa. Tafuta mwelekeo wa uzi kwa kukivuta kitambaa kwa mikono miwili: pasipovutika ndipo uzi umenyooka. Chora mshale wa chaki hapo kabla ya kukata chochote.

Sketi nyembamba ya kubana ukiifumua inakupa vipande viwili vya takriban 50 kwa 60. Vinatosha badani mbili, basi. Sehemu ya chini ya gauni itoke kwingine. Sketi mbili za namna hii, moja ya juu na moja ya chini, zimewahi kunipa gauni bora kuliko yote niliyoshona kwa mabaki.

Kuna ujanja mmoja ninaoupenda kuliko kufumua kila kitu. Chukua sketi ndefu ya sentimita 100, pindo lake likizunguka sentimita 240. Kata sentimita 45 za chini. Juu unabaki na sketi ya 55, kiuno na nyonga zikiwa zimeshatulia mwilini mwako, na ukishapiga pindo jipya inaishia juu kidogo ya magoti. Kile kipande cha chini, 45 kwa 240, kinatoa badani ya mbele, badani mbili za nyuma, na bado kinabaki cha kamba, upapi (utepe wa kumalizia ukingo) wa shingo na wa makwapa, hata mikono mifupi. Kitambaa ni kile kile, rangi imefifia kwa kiasi kile kile, hakuna atakayejua. Kinachobaki ni kurefusha zipu kwenda juu, kwa sababu ile ile iliyonikwamisha mabegani.

Alama za zamani nazo zihesabu. Ndani ya pindo rangi haijapigwa jua, ukilifungua utaona mstari mweusi zaidi. Mkunjo wa pindo la pamba hulegea ukipigwa pasi juu ya kitambaa kilicholoweshwa maji na siki kidogo, lakini rangi iliyopauka hairudi. Matundu ya sindano kwenye pamba hujifunga kwenye maji. Kwenye satini na ngozi yanabaki milele, kwa hiyo pini zichomwe ndani ya nafasi ya mshono tu. Mahameli ina upande wa kulala: pitisha kiganja, upande mmoja ni laini, upande wa pili unakataa. Vipande vyote vikatwe vikiangalia upande mmoja, ama sivyo mbele itang'aa na nyuma itakuwa giza.

Kufumua nako ni nusu ya kazi. Usivute uzi kwa nguvu. Kwenye mshono, kata pigo moja la uzi kila baada ya matatu au manne upande mmoja, kisha geuza uvute uzi wa upande wa pili, unatoka mzima.

Vitambaa vichache vyenye tabia zao

Jinzi: unga na blauzi ngumu, au kata upya. Sindano ya unene namba 100/16, na penye mishono minne iliyopandana zungusha gurudumu la cherehani kwa mkono. Pamba ya kawaida inataka 80/12, shifoni 70/10.

Poliesta ya marinda yaliyochapwa na joto kiwandani: unga tu. Kabla ya kutoa ukanda, piga bandi, yaani mishono mirefu ya muda, mistari miwili chini yake kushika marinda, kwa sababu yakishafunguka kuyarudisha sawasawa kwa pasi ya nyumbani ni ndoto. Na pasi yenyewe isiwe kali, joto lililoyatengeneza ndilo litakaloyafuta.

Shifoni yenye bitana inapenda kupandishwa, tabaka zote mbili pamoja. Angalia tu bitana, mara nyingi ni fupi kuliko sketi, na ikipanda sentimita 22 inaweza kuishia mahali usipopataka. Sufu inawasha kifuani, lazima bitana, au iunge na fulana iishe habari.

Ningechagua vipi

Kama sketi ni ya mtu niliyempenda, au siku moja huenda nikaitaka tena kama sketi, siikati. Naipandisha, au naiunga kwenye kiuno chake kilivyo. Kufumua mshono mmoja wa kiuno kunairudisha. Kuikata upya hakuna kurudi, na ndiyo maana naiweka kwa sketi iliyochanika, iliyotoboka mahali, au isiyonitosha kiuno kwa zaidi ya sentimita 6. Kwa hiyo ya mwisho ndipo njia ya tatu inaposhinda waziwazi: kiuno kisichokutosha unakitupa, unabaki na kitambaa.

Kwa anayeanza, mwenye cherehani ya mshono mmoja tu ulionyooka, ningesema apandishe. Akitaka kuunga, aunge na blauzi isiyovutika na zipu ndefu. Ni kazi zaidi, lakini fulana bila zigizaga itamvunja moyo. Mwenye kifua kikubwa asiikimbilie njia ya kwanza kwa wepesi wake. Bila kamba za mabegani atakuwa akiivuta juu siku nzima. Badani iliyokatwa kwa vipimo vyake itamkaa vizuri kuliko lastiki yoyote.

Ukiwa bado huna uhakika, usikate. Vaa sketi kifuani, ishike kwa pini za usalama, au vaa fulana na uibane sketi juu yake kwa pini hizo hizo pale mshono utakapopita. Kisha kaa kwenye kiti. Inua mikono kama unayetoa kitu juu ya kabati. Inama ufunge kamba ya kiatu. Panda ngazi tatu. Pini itakayofunguka kwanza inakuonyesha mahali pa kuanza kurekebisha.